Siku Zilizoliwa

Asubuhi ile Mohsin bin Badr alipima kanzu yake, kofia yake, miwani yake na jozi ya makubadhi, kisha akapanda mwenyewe juu ya mizani akiwa na kikoi tu. Ilikuwa mizani ya mbata, ile ya kusimama chini, aliyoirithi kwa baba yake Pangani pamoja na minazi. Akautazama mshale, akashuka, akapanda tena polepole, kwa adabu, labda mizani ingemwonea huruma. Haikumwonea. Mkewe, Bi Fakhria, alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Baba Shamsiya," akasema bila kuinua macho, "nyoa ndevu. Pengine ndizo."

"Ndevu nilishazipima."

"Basi ni halua yangu."

Mohsin alijua ni kweli. Alikuwa injinia wa ndege, na injinia wa ndege ana adui mmoja tu, naye ni uzito. Adui huyo alikuwa akilishwa mara tatu kwa siku nyumbani kwake mwenyewe.

Tusije tukadhani alijipachika uinjinia. Alipokuwa mtoto Pangani aliiona ndege ya vita ikipita juu ya mlango wa mto, akaifuata kwa miguu mpaka nchi ikaisha. Vita vya pili vilipokuja alikwenda Nairobi, akaingia karakana za jeshi, akafunzwa kushona mabawa na kunyoosha mikia. Akajifunza na hesabu zake, zile za kwa nini kitu kizito kinakubali kukaa hewani. Mwishowe akachora ndege yake mwenyewe. Mkubwa mmoja wa karakana akautazama mchoro, akasema mzuri sana, akaukunja, akautia mfukoni. Mohsin hakuuona tena. Alipoomba cheti akaambiwa vyeti vya watu wa aina yake havijachapishwa bado. Akarudi Tanga kungoja vichapishwe, na vilipochelewa, akaona ajenge ndege.

Aliijengea Pongwe, kwa sababu huko alipata nyumba na banda la kupanga, na mbele ya banda palikuwa na barabara ya shamba la mkonge, nyeupe, imenyooka, haina mti kando yake. Mifupa ya ndege ilikuwa milingoti ya mkonge, ile inayochipuka katikati ya mmea ukikaribia kufa, mikavu na myepesi. Mabawa yalikuwa nguo ya marekani iliyopakwa gundi ya mkanju, mti wa korosho. Injini zilikuwa mbili, za pikipiki zilizoachwa na jeshi. Kufikia mwaka wa hamsini na nne ndege ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri kuitazama. Iliweza kunguruma, kukimbia na kutimua kuku. Iliweza hata kuruka, ila bila mtu. Siku moja iliruka peke yake, ikazunguka minazi ya jirani, ikarudi kutua mlangoni pa banda. Akipanda mtu, haiinuki.

Watu wa Pongwe walikuwa na adabu zao. Hawakumcheka mbele ya uso wake.

Ng'ambo ya barabara ndiko lilikokuwa shamba lenyewe la mkonge, na katika shamba hilo watu walikuwa wakipungua uzito. Si kukonda. Kukonda ni jambo jingine, nako kulikuwepo. Mambo yalikwenda hivi: mkataji alikata majani tangu alfajiri, akayafunga mizigo, akaipeleka kwenye mizani ya shamba kando ya reli ya troli. Mzigo ukionekana mwepesi, nyapara alisema, "Siku imeliwa," na siku hiyo haikuingia katika mkataba. Mkataba usipotimia, hakuna lori la kumrudisha mtu kwao. Na mizani ile, sijui ilifungwa vipi, iliona karibu kila mzigo mwepesi. Siku ikishaliwa, mkataji aliacha pale pale sehemu ya uzito wake, akarudi kambini na uliobaki.

Wake zao waliwashonea mifuko mikubwa kwenye suruali, wakaijaza mawe. Siku za upepo wanaume walikwenda kazini wameshikana mikono. Mmoja wao, Msafiri, aliondoka mchana alipokuwa akianika shati. Mara ya mwisho alionekana juu ya soko la machungwa la Muheza, na wauzaji wakampungia mkono. Mkewe, Chiku, aliendelea kumpikia mpaka mwisho wa mwezi, halafu akaacha.

Uzito ule haukupotea bure. Nyumba ya meneja ilikuwa ikizama ardhini. Ilijengwa na ngazi ya vidato saba, na sasa vilibaki viwili. Huko bandarini Tanga, meli zilizopakia katani ya shamba hilo zilikaa chini majini kuliko ilivyoandikwa ubavuni mwao, manahodha wakanung'unika kidogo, wakaondoka.

Aliyeliwa kupita wote alikuwa Noa. Noa alikuwa Mbena, Mlutheri, aliyetoka milimani Njombe na mkewe Ruthi kwa mkataba mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa sita wa mkataba huo huo. Kilichomponza ni ubishi. Kila siku ikiliwa, kesho yake alikata zaidi, na mizani ikala zaidi. Ikafika asubuhi moja uzito wake ukawa umekwisha kabisa, na mizani bado ilikuwa na njaa. Tangu hapo mawe hayakumtosha. Alipokatia mkonge alishika jani kwa mkono mmoja ili asipande, akakata kwa mkono wa pili. Ruthi alimfunga kamba kiunoni, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe. Alipika amejifunga, akafua amejifunga, akalala amejifunga. Kila alipogeuka usingizini alivuta kidogo kujua kama mumewe yupo.

Ndivyo walivyoingia uani kwa Bi Fakhria Jumapili moja, baada ya ibada, kununua nazi. Ruthi alitangulia mlangoni. Noa alifuata kwa juu, amekaa hewani usawa wa paa, ameshika kofia yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee," akasema kutoka huko.

"Marahaba," akajibu Mohsin, ameinua shingo.

Bi Fakhria aliona aibu. "Hebu mshushe mwenzio, mwanangu, apate chai. Mgeni gani anakaa juu ya vichwa vya wenyeji?"

Ruthi akavuta kamba, mkono juu ya mkono, Noa akashuka, akakalishwa chini ya meza ili meza imzuie. Wakampa chai huko huko. Mohsin hakuweza kukaa. Alikwenda bandani, akarudi na mizani na gunia la mbata. Akalipima gunia. Kisha akamwomba Noa, kwa heshima zote, alikalie gunia lile huku amelishika kwa mikono miwili. Mshale ukarudi nyuma. Gunia lenye Noa juu yake lilikuwa jepesi kuliko gunia peke yake.

"Ebo!" akasema Mohsin. Hakushangaa, alifurahi tu. Alikuwa akitafuta kitu hicho miaka mingi na hakukitafuta ng'ambo ya barabara.

Akachukua chaki, akapiga hesabu kwenye mlango wa jikoni. Ndege, petroli, yeye mwenyewe pamoja na halua yote aliyokwisha kula, toa Noa. Bado kidogo, lakini kidogo hasa.

"Kwenu wapi?" akauliza.

"Njombe, mzee."

"Mnataka kwenda?"

Noa akatazama chini. Ruthi ndiye aliyejibu, na alijibu kama mtu aliyekuwa na jibu hilo mdomoni tangu zamani. "Nataka nimfikishe kwa mama yake kabla hajaisha. Kamba ikikatika, mimi sina mume. Sitaki kumpikia mtu aliyekwenda na upepo. Nimemwona Chiku."

Basi wakapatana. Noa ataiinua ndege, Mohsin ataiongoza, Ruthi atakuwa katikati na kamba yake. Lakini Ruthi alikuwa na uzito wake timamu, maana yeye hakuwa mkataji, na hesabu ilipoandikwa upya na yeye ndani yake, ndege haikuinuka hata mlangoni pa jikoni. Noa alikuwa bado hajawa mwepesi wa kutosha.

"Tungojee," akasema Mohsin.

Wakangoja. Kila jioni Ruthi alipita kuchota maji kisimani kwa Bi Fakhria, mumewe juu yake, na kila jioni Mohsin alitoka bandani na chaki sikioni.

"Leo je?"

"Imeliwa."

Akafuta, akaandika. Jioni moja Ruthi akasema siku imeliwa, na ya jana vile vile imeliwa, nyapara alikuwa amesahau kuila jana. Mohsin akaangalia hesabu yake ikikaribia, na likamtoka: "Alhamdulillahi!"

Ruthi akatua ndoo chini. Noa, huko juu, akageuza uso upande wa bahari. Kisha wakaondoka, na maji wakayaacha.

Bi Fakhria aliyasikia yote. Akatoka jikoni na upawa mkononi. "Unamshukuru Mungu mtu akiliwa? Mwanamume mzima, mtoto wa Badr! Ungekuwa wewe ndiye uliyefungwa kamba, ningekuja mimi hapa mtu aniambie alhamdulillahi?"

"Nilikuwa nafikiria ndege."

"Ndiyo. Hata yule meneja anafikiria katani."

Mohsin alikosa usingizi kwa aibu. Asubuhi alivuka barabara mpaka kambini, akamwomba Ruthi radhi, kisha akamwomba na Noa, ameinua shingo. Akaifuta hesabu mlangoni. Tangu siku ile hakuuliza tena, bali alianza kupunguza upande wake. Alichonga milingoti upya ikawa myembamba zaidi. Alitoa viti, akaweka vya ukindu. Alinyoa ndevu na nywele, akaacha wali, akaacha halua. Hilo la halua Bi Fakhria alilichukulia kama matusi. Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma kuelekea bara, Mohsin alijipima, akampima Ruthi, akampima Noa kwa gunia. Hesabu ikakubali.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumatatu. Noa na Ruthi walitoroka kambini wakati wa kwenda kazini, wakavuka barabara, wakakuta Bi Fakhria ametandika jamvi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na asilaumiwe mtu. Katika nyumba ya Mohsin, tangu kwa babu zake Pangani na kwa babu wa babu zake Omani, mgeni haondoki na njaa, na mgeni anayesafiri ndiye kabisa. Bi Fakhria alikuwa ameamka mapema. Palikuwa na mkate wa mofa wa moto, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, vitumbua, chai ya maziwa na iliki. Noa alisema ahsante, akala kidogo.

"Hujala, mwanangu," akasema Bi Fakhria.

Noa akala tena. Mohsin aliona wazi kinachotokea. Aliona matako ya Noa yakigusa jamvi, kisha jamvi likibonyea. Alijua kila tonge lina maana gani kwa bawa. Alifungua kinywa kumwambia aache, na kinywa chake, kilicholelewa katika nyumba ile, kikasema: "Karibu, ongeza. Usione haya."

Noa akaongeza. Tangu afike Pongwe hakuwahi kushiba, na sasa alishiba, akafumba macho. Ruthi alihisi kamba imelegea kiunoni mwake. Akaishika mkononi, akaitazama, akaanza kulia kwa furaha. "Amekaa," akasema. "Mama, tazama, amekaa chini peke yake."

"Si nilikwambia?" akasema Bi Fakhria, akampakulia samaki mwingine.

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema neno juu ya ndege. Walipanda hivyo hivyo, na Bi Fakhria akawapa na kikapu cha masurufu, maana safari ni ndefu. Mohsin alisoma dua, akawasha injini. Ndege ikakimbia barabarani katikati ya mkonge, ikaruka kimo cha kuku, ikatua. Ikakimbia tena, ikatua. Ikafika kwenye kona, ikasimama, injini zikinguruma bure.

"Ni mimi," akasema Noa. "Nimekula sana."

"Hapana," akasema Mohsin. "Ni mimi niliyekukaribisha."

Huko nyuma ilisikika filimbi. Zebedayo, nyapara, alikuwa akija kwa baiskeli, shati limelowa jasho, filimbi mdomoni. Zebedayo hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na watoto wengi na kazi moja, na kazi hiyo alikuwa akiifanya kama alivyoambiwa. Alishuka hatua chache kutoka kwenye mkia, akatema filimbi.

"Noa! Shuka urudi kazini!"

"Narudi kwetu, bwana nyapara."

"Mkataba haujaisha!"

"Hautaisha."

Zebedayo akaona watu wa Pongwe wamejaa kando ya barabara wakimtazama, na watu wakimtazama yeye hupandisha sauti. "Basi siku ya leo imeliwa!"

Magurudumu ya ndege yakanyanyuka kidogo, yakarudi. Mohsin aliyahisi kwenye miguu yake. Akageuka, akamtazama Zebedayo, na akafanya alichokifanya kwa makusudi, akijua.

"Leo tu?" akauliza kwa sauti. "Nyapara mzima unamwogopa mkataji?"

"Na ya juzi!" akapiga kelele Zebedayo. "Na wiki yote iliyopita! Imeliwa!"

Mkia ukainuka.

"Na mwezi wa Ramadhani je? Ule mlimhesabia."

"Umeliwa! Umeliwa wote! Na mwaka jana umeliwa! Unanisikia, Noa? Tangu siku uliyoteremka kwenye lori hujafanya kazi hata siku moja hapa! Zote zimeliwa!"

Ndege ikaondoka ardhini. Haikuhitaji hata kukimbia. Ilipanda wima, taratibu, na kamba ya Ruthi ikakaza, na Noa akawa amebonyezwa kwenye dari ya ukindu, na dari ikalia lakini haikukatika. Watu wa Pongwe walipiga makofi. Mohsin alicheka kwa sauti, alicheka machozi yakamtoka. Kumbe hesabu zake zilikuwa sawa miaka yote, mchoro ulikuwa sawa, ndege yake ilikuwa hewani na watu ndani yake!

Kisha akamsikia Ruthi nyuma yake. Ruthi alikuwa analia, na safari hii si kwa furaha.

"Ile ya Krismasi alikata akiwa na homa," alisema. "Niliifunga mimi ile mizigo. Ile ya mvua kubwa alikata mpaka mikono ikatoka damu. Zilikuwa siku zake. Alizifanya kweli."

Mohsin aliacha kucheka. Aliushika usukani, akaielekeza ndege kusini magharibi, na kaskazi ikawasukuma mgongoni. Huko chini, Zebedayo alichukua baiskeli yake, akarudi shambani kutoa taarifa kwamba amemwadhibu mtu.

Petroli haikutumika sana. Walipita juu ya Muheza, juu ya nyika, juu ya milima ya Uluguru ambapo Mohsin alipanda zaidi kwa kumwomba Noa asile kitu. Kushuka nako kulikuwa rahisi, maana kikapu cha Bi Fakhria kilikuwa kimejaa. Mohsin aliashiria kwa mkono, Ruthi akampa mumewe kitumbua kimoja, ndege ikashuka kidogo. Akampa cha pili, ikashuka tena. Hakuna karakana iliyowahi kumfunza jambo hilo, na Mohsin aliona ni usukani mzuri kuliko wote aliowahi kuushika.

Njombe walitua jioni kwenye shamba la viazi. Mama yake Noa alikuwa akipalilia. Alinyoosha mgongo, akatazama ndege, kisha akamtazama mwanawe akishushwa kwa kamba.

"Umechelewa," akasema.

"Siku zangu zililiwa, mama."

"Haya. Njoo ule."

Wakamlisha, wakamlaza chini ya magunia mawili ya mahindi ili asipande usingizini. Asubuhi alishika jembe, na jioni nyayo zake zilionekana udongoni, hafifu lakini zinaonekana. Siku aliyolima pale ilibaki kuwa siku. Siku ya tano Ruthi alifungua fundo lililokuwa kiunoni mwake. Ngozi chini yake ilikuwa imefanya alama. Alijinyoosha, akaingia ndani, akalala mchana kutwa, na hakuna aliyemwamsha. Mohsin alikaa nje kwenye kigoda akamsikiliza akikoroma, na alihisi amepona ugonjwa ambao hakujua anao.

Bila Noa, ndege haikuinuka tena. Mohsin aliwaachia. Wakaifanya banda la kuku, na inasemekana kuku wa mle walitaga vizuri. Yeye alirudi kwa lori, treni na basi, akaingia nyumbani amekonda, Bi Fakhria akamtandikia jamvi bila kumuuliza kitu mpaka aliposhiba.

Wiki haikupita, meneja wa shamba akaja bandani. Alichelewa kidogo, kwa kuwa siku hizo alitokea dirishani. Alisema amesikia kuhusu ndege, naye hana ugomvi. Alitaka nyingine, ya kumpeleka kwenye mikutano. "Watu wa kuinua ninao," akasema. "Na kama si wepesi vya kutosha, niambie unataka kiasi gani. Hilo linarekebishika."

Mohsin alimwambia kwamba angependa zaidi mizani ya shamba ipimwe.

"Imepimwa," akasema meneja. "Alikuja mkaguzi kutoka mjini, akapanda juu yake mwenyewe. Ikamwonyesha uzito wake sawasawa. Ni mizani nzuri sana."

"Basi ndege sitakujengea, bwana."

Meneja akashangaa kidogo, akaenda zake. Mohsin alishusha pumzi. Alikuwa ameogopa, si kwa ajili ya meneja, bali kwa ajili ya kinywa chake, maana kilishawahi kumsaliti. Safari hii kilisema alichotaka. Akafuta chaki yote iliyokuwa mlangoni, akaanza mchoro mwingine. Ndege hii ilikuwa na injini nne, na alitaka iwainue watu walivyo, wazima, wameshiba, bila kumtegemea mtu aliyeliwa. Kwa hesabu zake mwenyewe ingemchukua miaka. Bi Fakhria akasema miaka ipo, na halua ipo, akamletea sahani.

Kabla masika hayajaingia, lori lilisimama Pongwe kuongeza maji kwenye rejeta. Wakashuka watu wapya wa mkataba kunyoosha miguu. Walikuwa wazito, nyayo zao zilizama mchangani barabara nzima. Mmoja wao, mwanamume wa makamo aliyejitaja kwa jina la Abrahamu, aliingia uani kuomba maji ya kunywa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Njombe."

Mohsin akaacha patasi. "Noa unamjua? Mume wa Ruthi?"

"Nisimjue vipi! Jumapili alikalia benchi la kanisa, likavunjika. Mchungaji alicheka mpaka akasahau mahubiri."

Bi Fakhria alitoka jikoni, akataka aambiwe tena, na Abrahamu akarudia, akaonyesha na jinsi benchi lilivyokwenda. Wakacheka wote watatu. Bi Fakhria alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema benchi litalipwa na Mungu.

Kisha akamtazama mgeni vizuri. "Na wewe, baba, Noa hakukwambia?"

"Aliniambia yote, mama. Lakini kodi haina subira. Na watoto nao wanataka nguo."

"Na kurudi je?"

"Kurudi ni kwa lori," akasema Abrahamu. "Limo ndani ya mkataba. Tumesomewa."

Dereva akapiga honi. Abrahamu akarudisha kata, akashukuru, akakimbia, na vikombe vikalia kidogo mezani kila alipokanyaga. Mohsin alisimama mlangoni mpaka vumbi la lori likatulia upande wa shamba. Halafu akarudi bandani, akachukua mlingoti mrefu kuliko wote aliokuwa nao, akaanza kuchonga.